Siku Mwenye Beseni Alipoulizwa Kwao

Ilianza Ijumaa, saa tisa na robo alasiri, likizo ya Agosti, nikiwa kidato cha pili. Saa naijua kwa sababu redio ya duka lililo juu ya ufuo ilikuwa imetoka tu kwenye taarifa na kuingia salamu, watu wa mbali wakisalimia watu wa mbali zaidi. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya gunia, kifuniko cha kalamu mdomoni, huku omena ya mama mdogo, dagaa wa ziwani, ikiliwa.

Sikuona ikiliwa. Nilikuwa ukurasa wa saba.

Kazi niliyopewa ilikuwa ndogo, ya mtu asiyejua kazi. Omena ilitandazwa juu ya nyavu kuukuu pale ufuoni Luanda Kotieno, nami nikapewa fimbo ndefu yenye mfuko wa plastiki nchani, nikaambiwa: ndege akitua, tikisa. Basi. Lakini kwenye ukurasa wa saba Gugu lilikuwa linainuka. Lilikuwa limelala ziwani siku zote kama gugu maji la kawaida, lenye maua yake mazuri ya zambarau ya kudanganya watu, na sasa lilikuwa linasimama kwa miguu yake lenyewe, mizizi ikidondosha matope, likiwa tayari kumeza nyavu za ufuo mzima. Ukifika mahali kama hapo huwezi kuinua kichwa kwa ajili ya yangeyange. Nilisikia mabawa, nikadhani ni sauti ya Gugu. Hata nikafurahi kwamba linatoa sauti.

Kisha nikaona miguu ya mama mdogo.

Yeye ni mdogo wake mama, ameolewa pale Uyoma, na likizo hiyo mama alikuwa amenituma kutoka Kisumu nikamsaidie. Hakunipiga. Hakupaza hata sauti. Aliwatazama ndege waliokuwa wakitembea juu ya samaki wake bila haraka, kama wazee waliofika harusini mapema, halafu akanitazama mimi, halafu akainama akaokota karatasi zangu zote, moja baada ya nyingine, na zile mbichi pia. Akaondoka nazo. Nilimfuata nikimwomba kwa sauti yangu ile ambayo haisikiki.

Lazima niseme karatasi hizo zilikuwa nini. Mimi ni mtu wa hadithi za picha. Ukinitafuta Kisumu siku ya Jumamosi, usinitafute nyumbani. Nitafute karibu na stendi ya mabasi, kwenye veranda ambapo magazeti ya zamani hutandazwa juu ya magunia, vitabu vya mapenzi visivyo na jalada, vya upelelezi vilivyoliwa na mende, na katikati yao zile za picha, zenye watu wanaoruka juu ya majumba kwa nguo za kubana. Mwenye mali anaturuhusu kusoma tukiwa tumesimama, mradi tusikunje pembe. Nimesoma hadithi nyingi ambazo sijui mwanzo wake, na nyingine sijui mwisho, na hizo ndizo ninazozipenda zaidi, kwa sababu nikilala nazimalizia mwenyewe. Shuleni kwetu, upande wa Maseno, zimekatazwa, kwa hiyo zinasomwa na kila mtu. Jirani yangu wa dawati amejalidi daftari la hesabu kwa picha za wanamuziki kutoka kwenye maganda ya kaseti, wote wamevaa miwani ya jua, na mwalimu akipita daftari linageuzwa upande wa ramani.

Muhula wa pili nilichoka na kitu kimoja. Katika hadithi hizo zote wanawake walikuwa wakining'inia dirishani wakisubiri kuokolewa. Sikumjua mwanamke yeyote wa namna hiyo. Ninaowajua mimi hubeba beseni la samaki kichwani, mtoto mgongoni, na bado wana mkono mmoja wa kugombana na kondakta. Basi nikamchora mmoja. Beseni lake akiligeuza linakuwa ngao. Akiliketia majini linakwenda kasi kuliko injini. Akiligonga kwa kijiko, waongo wote walio karibu wanaanza kusema kweli hata wakijiziba mdomo. Nikamwita Mwenye Beseni. Nilimchora kwenye karatasi za katikati ya daftari, nikaziacha usiku mmoja juu ya dawati la mtu mwingine, nikakimbia.

Wiki iliyofuata zilinirudia mimi. Msichana wa nyuma alinichoma na rula akanipenyezea chini ya dawati, akasema nisome haraka, kuna foleni. Nikasoma hadithi yangu mwenyewe kwa uso wa mshangao. Niliwaka mwili mzima. Hakuna aliyejua ni yangu, na nilitaka hivyo, na pia sikutaka hivyo. Sijui kulieleza vizuri zaidi. Mimi ni mtu ambaye mwalimu wa zamu amewahi kuniandika sipo nikiwa nimekaa mbele yake, kwa sababu nilipoitika hakunisikia.

Sasa mama mdogo alikuwa anazipeleka hadharani.

Wanawake wa chama chao walikuwa wamekaa kando ya mashua yao mpya. Ilikuwa yao kweli, si ya waume, mbao bado zikinukia, ya kubebea samaki kutoka visiwani, na asubuhi iliyofuata ingeshushwa majini. Ilikosa picha tu. Pale ufuoni mashua isiyo na picha ubavuni ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila shati. Fundi wa rangi alikuwa ameketi juu ya mkebe wake tangu mchana akingoja waamue, kwa sababu jioni alitaka kupanda feri kurudi kwao Mbita. Walikuwa wamekataa simba, wamekataa ndege ya abiria, wamekataa mpira. Fundi alikuwa amesema wasipokubaliana atawachorea samaki mbuta, kama mashua nyingine zote, na aende zake.

"Njooni muone kitu kilichokula omena yangu," mama mdogo akasema, akazimwaga karatasi mapajani mwa mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa mama mnene, mtulivu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alizitazama kwa muda mrefu sana. Mimi nilikuwa natafuta shimo la kuingia na ufuo wote ni mchanga. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika. Alikuwa amefika mahali chifu anajaribu kumtoza Mwenye Beseni kodi ya kupita, beseni likagongwa, na chifu akajikuta anataja mbele ya umati vitu vyote alivyowahi kula. Akampa mwenziwe. Mwenziwe akasema Kiswahili cha kuandikwa kwa mkono kama mguu wa kuku hakimwingii, asome mwenyewe aliyekiandika.

Wakanigeukia wote. Nilisoma kisanduku cha kwanza nikikiambia kifua changu. Wakasema hawasikii. Nikasoma tena, fundi wa rangi akasogeza mkebe wake karibu. Kwenye kisanduku cha nne mtu alicheka, na kicheko hicho sijui kilinifanya nini, kwa sababu nilijikuta nimesimama. Nikatoa sauti ya chifu. Nikatoa sauti ya askari anayemwambia Mwenye Beseni arudi nyumbani kwa bwana yake, naye anamuuliza, "Bwana yupi?" Hapo walipigana mabega, wakanirudisha nyuma nikasome tena hapo hapo. Nikafika kwenye Gugu, na kicheko kikapungua, kwa sababu nyuma yangu, kushoto kwa gati, gugu lenyewe lilikuwa limelala pale, kijani, limeziba nusu ya ufuo, na wiki ile lilikuwa limepasua nyavu za watu waliokuwa wameketi mbele yangu. Nikawaonyesha ukurasa wa saba, wino bado haujakauka. Halafu nikawaambia sijachora linavyoshindwa.

"Kwa nini hujachora?" mama mmoja akauliza, kwa hasira kabisa.

Nikasema nilikatizwa. Wote wakamtazama mama mdogo.

Fundi wa rangi ndiye aliyelitamka. Alichukua karatasi ambayo Mwenye Beseni amesimama juu ya mwamba, beseni limeegemea kiunoni, akanyoosha mkono, akafumba jicho moja, akaipima na ubavu wa mashua. Akasema hii anaiweza. Mwanamke kwenye mashua ya wanawake, anakabili gugu. Hajawahi kuiona popote, si Mbita, si Homa Bay.

Yule wa kwangu, wa katikati ya daftari, ubavuni mwa mashua nzima, mkubwa kuliko mimi, akipita mbele ya kila ufuo. Sijawahi kutaka kitu namna ile. Nilitaka hadi meno yakaniuma.

Mwenyekiti akavua miwani. "Sawa," akasema. "Sasa, huyu mama ni nyar wapi?"

Kwa asiyejua: kwetu mwanamke akiolewa, huko anakoolewa hawamwiti kwa jina lake. Humwita nyar, yaani binti wa, halafu kule alikotoka. Mwenyekiti mwenyewe ni nyar Sakwa. Mama mdogo ni nyar Gem. Miaka yote niliyokwenda pale sijawahi kusikia jina la kuzaliwa la mwanamke hata mmoja wa chama kile. Swali lake lilikuwa la kawaida kabisa, la kwanza unalomuuliza mgeni kabla hujampa kiti.

Katika zile hadithi za veranda ya Kisumu watu hutoka kwenye nyota, au hawatoki popote. Nilikuwa nimempa Mwenye Beseni ngao, kasi na ulimi mkali. Kwao sikuwa nimempa.

Kabla sijafungua mdomo nyar Nyakach akanijibia. Yeye ndiye kijana wao, mwenye sauti ya kuuza vitu barabarani, kwao ni karibu na Katito. Alisema mbona ni wazi, huyo ni wa kwao. Mtazameni anavyosimama, mguu mmoja mbele, hivyo ndivyo wanawake wa Katito wanavyosimama basi la Kisii likifunga breki. Mwenyekiti akasema kusimama hata mbuzi anasimama, atazamwe kilemba. Kile ni kilemba cha Sakwa. Tena ukurasa wa pili amempa mtoto samaki bure. "Nyar Nyakach atoe samaki bure?" akauliza. "Hata kwa ndoto?"

Walicheka, na nyar Nyakach akacheka pia, lakini akauliza kama Sakwa huwa wanakimbia hivyo, maana anaowajua yeye wakifika mlimani hukaa chini. Mama mdogo alikuwa amenikazia macho. Nilijua anachongoja: ningesema Gem, alikotoka yeye, alikotoka mama yangu. Ningesema Gem omena ingesamehewa. Ilikuwa neno moja tu, tena rahisi.

Lakini nikawaza, nikisema Gem, huyu wa Sakwa atapandaje mashua yenye nyar Gem ubavuni kila siku? Na nyar Nyakach? Utani ulikuwa umeanza kuwa na mifupa ndani yake. Mtu akasema basi achorwe bila kwao. Ndipo mama mmoja mzee wa chama, ambaye hakuwa amecheka sana, akasema polepole kwamba mwanamke anayetoka majini, mwenye nguvu, na hakuna anayejua kwao, yeye anajua anaitwaje. Anaitwa jini. "Mashua ya jini mimi sipandi. Na wanangu hawapandi."

Wengine waliitazama karatasi upya, kama imewaangalia. Fundi akaangalia upande wa feri, akasimama, akaanza kufungua mkebe mweupe kwa bisibisi. Mweupe ni wa tumbo la mbuta.

Nilitaka kulia. Nilizitazama zile karatasi mapajani mwa mwenyekiti, na iliyokuwa juu ilikuwa ile ya askari. Rudi kwa bwana yako. Bwana yupi? Niliandika hivyo darasani kwa kujifurahisha, wakati wa hesabu, lakini lilikuwa pale limeandikwa, na wenyewe walikuwa wamelicheka.

"Hajaolewa," nikasema.

Fundi pekee ndiye aliyesikia. Akaniuliza nimesema nini.

"Hajaolewa," nikasema tena, na safari hii ilitoka kama ile sauti ya chifu, kubwa kupita nilivyotaka. "Hakuna mtu wa kumwita nyar popote, kwa sababu hajaenda popote. Bado yuko kwao."

"Kwao ndiko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Hapa."

Unaweza kuona watu wazima wakifanya hesabu usoni. Wote pale walikuwa wameolewa kuja Uyoma, hakuna hata mmoja aliyezaliwa pale. Mwenyekiti ndiye aliyemaliza kwanza. Alisema kama huyu ni binti wa hapa, basi ni dada wa mzee wake, yaani mume wake. Nyar Nyakach akasema na wa mzee wake yeye pia. Mama mdogo akashika kichwa.

"Wifi," akasema. "Huyu mtoto ametuletea wifi."

Hapo ndipo ufuo ulipovunjika. Walicheka hadi watu wakatoka dukani. Kila mmoja alikuwa na lake: wifi anayefika bila taarifa na kuanza kufunua sufuria, wifi anayepitisha kidole juu ya meza, wifi anayekula ugali wote halafu anasema haukuiva vizuri. Nyar Nyakach alilalamika kwamba ametoroka wifi nyumbani asubuhi, sasa atamkuta kwenye maji. Lakini yule mama mzee, niliyekuwa nikimwogopa, alikuwa anatikisa kichwa kwa namna nyingine. Alisema hiyo ni kweli. Wifi hata akikuchosha huwezi kumwacha ufuoni, atapanda tu, mashua ni ya wake wa kaka zake. Na akitukanwa na watu wa ng'ambo, ni wewe utakayepigana. Akaniuliza, kwa upole, kama nina uhakika hajaolewa. Nikasema nina uhakika. Akasema basi nisimwoze haraka.

"Funga huo mweupe," mwenyekiti akamwambia fundi.

Fundi alichora jioni yote, nami nilishika karatasi mbele yake, mkono ukifa ganzi. Chaki kwanza, kisha rangi. Yeye alitaka kumpunguza kiuno, wanawake wakakataa kwa pamoja. Nyar Nyakach aliomba wifi apewe angalau viatu, asije akawaaibisha visiwani. Nikasema miguu mitupu ndiyo inayoshika mwamba, naye akakubali, akasema hata yeye viatu huvua. Akakubali hivyo tu. Mimi nilisema kitu na mtu mzima akakubali. Beseni lilipakwa buluu, Gugu likapewa kijani cha chupa na macho niliyoyachora mimi mwenyewe kwa brashi ndogo, la kwanza likiwa limepinda, na fundi akasema liache, jicho la mbaya hupinda.

Feri ilipopiga honi alikuwa amemaliza upande mmoja. Aliosha mikono kwa mafuta ya taa haraka haraka. Wanawake wakapiga kelele, kwamba mashua ina pande mbili, wifi hawezi kuonekana na watu wa Mbita tu. Fundi akampa mwenyekiti mikebe iliyobaki, akanielekezea kidevu, akasema upande wa pili yupo mwenyewe. Akakimbia na viatu mkononi.

Nilikwenda kulala nikinuka rangi, bila kula vizuri, nikimchora gizani kwa kidole juu ya blanketi. Kulikuwa na shida moja ambayo hakuna aliyekuwa ameiona ila mimi. Mashua inakwenda mbele, na Mwenye Beseni lazima atazame inakokwenda. Upande wa kwanza alikuwa anatazama kulia. Upande wa pili angepaswa kutazama kushoto, na mimi katika kurasa zote sijawahi kumchora akitazama kushoto. Pua za kushoto huwa zinanishinda.

Asubuhi, kabla jua halijapanda vizuri, mama mdogo alinipa chai na khanga yake kuukuu nijifunge juu ya nguo. Kuhusu omena hakusema kitu, isipokuwa kwamba leo atafukuza ndege mwenyewe. Ufuoni walikuwa wamefika wote, na watu wengine wa kutosha kunifanya nitake kugeuka. Mwenyekiti alikuwa ameshashika mkebe wa buluu kama anayeshika sadaka. Nilipiga magoti kwenye mchanga wenye maji, nikachora kwa chaki, nikafuta kwa kiganja, nikachora. Nyar Nyakach alisimama nyuma yangu akisema pua, pua, angalia pua, na kivuli chake kilikuwa kimefunika uso wote wa Mwenye Beseni.

"Mama," nikasema, "naomba usogee kidogo, unanizibia mwanga."

Akasogea. Nikachovya brashi, nikaanza na mkono ulioshika beseni.